Laptopu au kompyuta ya mezani? Maswali tunayoulizwa kila mara

Majibu haya ni kwa mtu anayenunua kwa pesa yake: mwanafunzi, mwenye steshenari, mhasibu wa kujitegemea, fundi ramani, mzazi. Mengi yanahusu mashine zilizotumika kutoka Ulaya, Marekani na Dubai, maana ndizo wengi wetu tunazonunua.

Ipi ni bora?

Sema kwanza mambo mawili: utaifanyia kazi wapi, na umeme wa hapo ukoje. Kuna mtu anaingia dukani ameshaamua laptopu kwa sababu inabebeka, lakini ukimdadisi unakuta kazi zake zote ziko kwenye meza moja pale Ilala na nyumbani hataki hata kuiona. Mwingine anataka ya mezani kwa sababu ni imara, na huku amepanga chumba kimoja na huenda akahama kabla ya mwaka kuisha. Bei na ukubwa wa skrini vije baada ya hayo mawili.

Kazi zangu zote nafanyia sehemu moja. Laptopu ya nini?

Ya betri. Kwa maoni yangu, hapa kwetu sababu nzuri zaidi ya kununua laptopu ni kwamba ina umeme wake wa akiba ndani, na kubebeka kunafuata baadaye. Wakati wa mgao wa umeme mwishoni mwa 2023 mwenye laptopu alimalizia barua yake, mwenye ya mezani akakaa kusubiri. Mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji ilianza kuzalisha umeme Februari 2024 na mgao wa ratiba ukapungua. Lakini nyaya za mtaani ni zilezile: mvua ikinyesha, tawi likidondoka au transfoma ikizidiwa, giza. Kompyuta ya mezani inazima hapohapo pamoja na kazi ambayo hujaihifadhi, na kuzimika kwa ghafla kwa namna hiyo kukizidi, Windows inaharibika au diski inakufa. Laptopu yenye betri nzima inaendelea kama hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo mtu mwenye laptopu isiyotoka mezani hajapoteza pesa. Tatizo ni kwamba betri hiyohiyo ndiyo inayowahi kufa. Betri nyingi za lithiamu huanza kupungua uwezo unaoonekana baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500, na joto la pwani linaharakisha. Laptopu iliyofanya kazi ofisini Ujerumani miaka minne inakuja na betri iliyochoka tayari. Betri ikifa kabisa, umebaki na kompyuta ya mezani yenye skrini ndogo. Ukinunua laptopu kwa ajili ya umeme, bei ya betri mpya iweke kwenye hesabu tangu mwanzo, na uchague aina ambayo betri zake zinapatikana mjini. Laptopu ya Lenovo ThinkPad T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje, na ile ya nje unaichomoa bila bisibisi.

Basi ninunue ya mezani na UPS, kile kiboksi cha betri ya akiba. Inatosha?

Inatosha kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu, ila usitegemee kuendelea na kazi. UPS ndogo ya VA 650 huwa na betri moja ya volti 12 na Ah 7. Ikiwa mpya, kompyuta ya kawaida na skrini yake zitapata dakika 10 hadi 20. Betri hiyo ni ya risasi, na baada ya miaka miwili mitatu inabaki kupiga kelele tu. Inabadilishwa kirahisi, usitupe UPS nzima.

Printa ya leza na mashine ya fotokopi visichomekwe kwenye UPS. Zinapopasha moto zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo na zitaizima au kuiua.

Faida ya pili ya UPS watu huisahau: nyingi zinachuja umeme unaopanda na kushuka. Maeneo ambako taa zinafifia saa moja usiku na kung'aa saa sita, kasha (boksi la kompyuta ya mezani) lisilo na UPS linahatarisha pawa saplai yake, kifaa kinachogawa umeme ndani, kila siku. Chaja ya laptopu huvumilia zaidi. Isome mgongoni, utakuta imeandikwa 100–240V. Hata hivyo umeme ukikatika, chomoa. Shoti kubwa huja pale umeme unaporudi.

Ipi inamaliza LUKU?

Ya mezani, ila pengo si kubwa kama watu wanavyohofia. Kasha la kawaida pamoja na skrini ya inchi 22 likifanya kazi za ofisi chukulia linakula wati 80. Saa 9 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni karibu uniti 19. Laptopu kwenye kazi hiyohiyo hula kama wati 25, sawa na uniti 6. Zidisha tofauti hiyo ya uniti 13 kwa bei unayolipia uniti moja. Kwa duka linalofanya kazi kutwa hiyo ni gharama ya kuandika daftarini. Nyumbani, ambako inawaka kwa saa mbili tu jioni, pasi na jagi la umeme vinakumalizia uniti zaidi ya kompyuta yoyote.

Mwanangu anaingia chuo. Nimnunulie ipi?

Laptopu, na hapa sina mjadala, mzazi. Hosteli zina soketi chache, kitanda ndicho meza, na kazi za kikundi zinafanyika maktaba, chini ya mti au chumbani kwa mwenzake. Kasha na skrini havibebeki kutoka hosteli ya Mabibo hadi chuoni Mlimani.

Ila usinunue kwa wembamba na kung'aa. Laptopu nyembamba sana mara nyingi RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki. Mwaka wa tatu atakapohitaji programu nzito utaambiwa ununue nyingine. Latitude za Dell, ThinkPad za mfululizo wa T na EliteBook 840 za HP ni mashine za ofisi, hazina urembo, lakini nyingi zake zinafunguka, zinaongezwa RAM, na fundi yeyote wa Kariakoo anazijua. RAM ya GB 8 ianzie hapo, diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. Anayesoma uhandisi, usanifu majengo au uchoraji aulize idara yake kwanza programu wanazotumia. ArchiCAD na AutoCAD zina mahitaji yake.

Wizi ni wa kweli. Begi lisiloonekana kama la laptopu linasaidia kuliko lenye nembo kubwa ya kampuni ya kompyuta.

Laptopu yangu ni i7. Mbona ya mezani ya jirani ni i5 na inanipita?

Kwa sababu herufi ya mwisho ya jina la prosesa, ubongo wa kompyuta, inasema mengi kuliko i5 na i7. Chukua i7-7600U ya laptopu: ina viini viwili vya kufanyia kazi na imeundwa kwa wati 15. Halafu i5-7500 ya kasha, kizazi kilekile cha 7: viini vinne, wati 65. Ile U maana yake prosesa imebanwa isile betri. Hata zingekuwa sawa kwenye karatasi, kasha lina feni kubwa na nafasi ya hewa, laptopu inapumulia kitundu. Ikipata moto inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ukifungua kurasa na kuandika barua hutaona. Ukichakata video ya harusi ya saa mbili utaona sana.

Wauzaji wanalijua hili, ndiyo maana bango linaandika "CORE i7" kwa herufi kubwa na kizazi hakitajwi.

Sasa ninunue kizazi cha ngapi?

Cha 8 kwenda juu kwa Intel. Tarakimu za kwanza baada ya kistari ndizo kizazi: 6300U ni cha 6, 8350U ni cha 8, 10210U ni cha 10. Windows 10 ilimaliza masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai kizazi cha 8 pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa prosesa za AMD anzia Ryzen za mfululizo wa 3000.

Ndiyo sababu vizazi vya 4 hadi 7 vimejaa sokoni kwa bei ya kutupa: ofisi za Ulaya zinaviondoa. Fundi anaweza kulazimisha Windows 11 iingie, na itawaka, lakini huko mbele usitegemee kwamba masasisho makubwa yataingia bila usumbufu. Kama ni ya kuandikia tu na upo tayari kutumia Linux, kizazi cha 6 chenye SSD bado ni kompyuta nzuri. Kama utalipia kodi na kuingia benki kwa Windows, ongeza pesa kidogo ufike cha 8.

Nafungua steshenari. Nianze na nini?

Ya mezani. Hii ndiyo kazi ambayo laptopu inaumia bure. Fikiria msimu wa maombi ya mkopo HESLB au nafasi zinapotangazwa kwenye Ajira Portal: foleni, kibodi inagongwa kuanzia asubuhi, mteja anainama asome jina lake kama limeandikwa sawa na cheti. Skrini ya inchi 22 unaigeuza anaiona. Ya laptopu anakuja upande wako wa kaunta.

Kibodi ya USB ikifa unanunua nyingine na kuendelea kabla mteja hajamaliza soda. Ya laptopu inamwagiwa chai na mashine nzima inaenda kwa fundi. Soketi za USB ndizo zinazoteseka zaidi, maana kila mteja anakuja na flashi yake, na flashi hizo zina virusi. Kwenye kasha unachomeka kirefushi cha USB mara moja na wateja wanachosha kirefushi, bodi inabaki salama. Na kijana akitaka kukuibia, kasha, skrini na nyaya si vitu vya kukwapua na kukimbia navyo.

Kwa kuanzia: kasha la OptiPlex (Dell), EliteDesk (HP) au ThinkCentre (Lenovo), kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD ya GB 256, UPS yake, printa nje ya UPS. Kama bajeti ina nafasi, kasha la pili la bei ndogo kwa kazi za kuchapa, lile la kwanza libaki na hesabu zako. Laptopu inunuliwe baadaye, duka likishajilipa. Kwa wenzetu wa Kenya wanaoendesha saiba, kazi za eCitizen na KRA hazina tofauti na hizi, na jibu ni hilohilo.

Vile viboksi vidogo kama kitabu, vinafaa?

Vinafaa sana, na nashangaa watu wanavyovipita. OptiPlex Micro, EliteDesk Mini na ThinkCentre Tiny zina ujazo wa lita moja hivi, zinatumia chaja ya nje kama laptopu na RAM ya laptopu, na zile zenye prosesa ya herufi T zimeundwa kwa wati 35. Pamoja na skrini, kazi za ofisi zinaenda kwa wati 40 au 50, kwa hiyo UPS ileile inadumu zaidi. Unaifunga nyuma ya skrini na meza inabaki tupu. Nafasi ya kadi kubwa ya michoro hakuna. Ukinunua hakikisha imekuja na chaja yake. Ya kubahatisha inaweza kukataliwa na mashine au kuifanya itambae.

Na zile zilizoungana na skrini?

Nzuri mapokezi. Skrini ikifa, umepoteza vyote. Kama si ya maonyesho, chukua kiboksi na skrini vilivyotengana.

Vumbi na chumvi?

Dodoma na Shinyanga adui ni vumbi. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja ni chumvi ya hewa na unyevu, vinavyokula viungio taratibu mpaka siku moja RAM haisomeki. Kasha lina nafuu: unafungua ubavu, unapuliza, unachomoa RAM na kusafisha meno yake kwa kifutio, dakika kumi umemaliza. Feni ishikilie kwa kidole unapopuliza isizunguke ovyo. Laptopu inahitaji bisibisi ndogo, subira, na mara nyingine paste mpya ya joto. Ukisikia feni inapiga kelele mfululizo wakati umefungua Word peke yake, imeziba.

MacBook Air za kuanzia M1 ya 2020 hazina feni kabisa, kwa hiyo hazivuti vumbi kwa njia hiyo. Lakini RAM na diski zake zimechomelewa, na maji yakiingia bili ya matengenezo itakukumbusha.

Usitumie laptopu juu ya godoro wala mto. Matundu ya hewa yako chini.

Naenda kununua iliyotumika. Nikague nini hapohapo dukani?

Nenda mchana, usiwe na haraka, na usikubali kuonyeshwa mashine ikiwa imechomekwa tu.

Kwa laptopu anza na betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, halafu fungua ukurasa inaokutajia. Linganisha mistari miwili: DESIGN CAPACITY, uwezo ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wa leo. Kama ya pili haifiki nusu ya kwanza, punguziwe bei ya betri. Angalia pia kama padi ya kipanya imeinuka au mfuniko wa chini umebinuka. Hiyo ni betri iliyovimba, na usiibebe hata kwa bure kabla haijatolewa.

Kisha izime, uiwashe ukibonyeza kitufe cha kuingia BIOS, mipangilio ya ndani inayokuja kabla ya Windows: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, ondoka. Huenda ni ya wizi, huenda ilikuwa ya kampuni haikufunguliwa, na kwako matokeo ni yaleyale.

Mtego mwingine unaonekana ukiwa umeshalipa: mashine inafanya kazi vizuri, siku ukiirudisha kama mpya na kuiunganisha na intaneti, inatokea jina la kampuni ya nje na kudai uingie kwa barua pepe ya mfanyakazi wao. Imesajiliwa kwao bado. Kwa hiyo omba waianzishe upya mbele yako ikiwa kwenye intaneti. Kwa MacBook ni muhimu zaidi, maana kufuli la akaunti ya Apple fundi wa mtaani hatalitoa kihalali.

Kwa kibodi, fungua Notepad na bonyeza kila herufi. Skrini ijaze rangi nyeupe, kisha nyeusi, utaona madoa. Jaribu kila tundu la USB, kamera, spika, Wi-Fi. Bawaba zifungue mara kadhaa. Zikilia, plastiki ya kona itavunjika.

Dai risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya mashine. Dhamana ya mdomo huwa inasahaulika haraka.

Kasha langu limetoka Marekani. Kuna la kuangalia?

Kabla ya kulichomeka, ligeuze nyuma. Pawa saplai za zamani zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230. Kikiwa kwenye 115 na ukawasha, utasikia mlio mmoja na moshi. Kisukume kisomeke 230. Kama hakuna kiswichi, soma kibandiko: 100–240V inajirekebisha yenyewe, ikiandikwa 115V peke yake, badilisha pawa saplai. Hapo ujue kwamba OptiPlex na EliteDesk nyingi hazipokei pawa saplai ya kawaida ya dukani, zina umbo na plagi zake.

Nataka kuhariri video na kucheza magemu.

Kasha kubwa, si yale membamba ya ofisi. Membamba yanapokea kadi za michoro za kimo kifupi tu, na pawa saplai yake haina nguvu ya ziada. Kadi ya GTX 1650 fupi inayokula wati 75 ni karibu na mwisho wa uwezo wake. Kwenye kasha kubwa unaanza na ulichonacho na kuongeza kadi, diski na RAM miaka inavyokwenda. Laptopu za magemu zipo na zina nguvu, lakini betri yake haikai, feni inavuma kama jenereta la jirani, na kwa bei ileile kasha linakupa zaidi. Isipokuwa unahariri ukumbini sherehe ikiendelea. Hapo laptopu, huna njia.

Shingo inaniuma nikitumia laptopu kutwa.

Unainama. Inua laptopu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, hata kwa vitabu, kisha tumia kibodi na kipanya vya USB. Au chomeka skrini ya nje. Laptopu ya kizazi cha 8 na skrini ya inchi 24 iliyotumika ndiyo ninayowashauri wengi wanaofanya kazi nyumbani: mchana skrini kubwa, umeme ukikatika unabaki na ile ndogo ikiwaka.

Kijijini kwetu ni sola.

Laptopu. Wati 30 kwa saa tano ni Wh 150. Paneli ya wati 100 siku ya jua inazileta na kubakiza za taa na simu. Zinazochaji kwa USB-C, kama T480 au EliteBook 840 G5, zinaweza kutumia chaja ya gari ya volti 12 yenye wati 65 moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila inverta, na unaokoa umeme unaopotea humo. Hakikisha chaja imeandikwa PD, alama ya kuchaji kwa nguvu kupitia USB-C. Kwa kompyuta ya mezani chagua kiboksi kidogo na inverta ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zinasumbua pawa saplai.

Chromebook, laptopu za mfumo wa Google, ni rahisi kuliko zote. Vipi?

Tally, ile programu ya hesabu, haiingii, na kila moja ina tarehe yake ya mwisho wa masasisho. Itafute tarehe hiyo kwa jina la modeli kabla ya kulipa. Kwa mtoto wa sekondari mwenye Wi-Fi nyumbani, sawa.

Ikiibiwa au ikiungua, kazi zangu?

Laptopu huibiwa, ya mezani huungua. Hakuna iliyo salama. Nunua diski ya nje, nakili kila Ijumaa, na isikae kwenye begi moja na laptopu wala kwenye meza moja na kasha. Na laptopu ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, chapisha ule ufunguo wa tarakimu 48 uuhifadhi nyumbani, maana fundi akibadilisha bodi, Windows itaudai.